Gari Likichemka Mlimani

Sajini mmoja wa jeshi alikuwa akisafiri na mkewe na watoto watatu kutoka Mbarara kwenda Kabale, kwenye arusi ya shemeji yake. Gari lake ni Toyota Corolla lililoundwa mwaka 1993, la umbo lile ambalo Kampala nzima huliita "kikumi". Gari la umri huo halingeweza kuingizwa Uganda leo, kwani sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Lakini yaliyoingia zamani bado yamejaa katika kambi na mitaani, na wenyewe hawana nia ya kuyaacha. Sajini alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na makato ya miezi saba yalikuwa bado.

Hadi Ntungamo safari ilikuwa njema. Taabu ilianza vilimani, gari lilipokwama nyuma ya lori la saruji lililopanda kwa mwendo wa kinyonga. Mshale wa kipimo cha joto ukainuka ukakaribia alama nyekundu. Sajini akawa anatafuta mahali pa kuegesha, mara mtoto wake wa kwanza, aliyekaa katikati ya kiti cha nyuma, akasema, "Baba, mshale umeshuka." Kweli ulikuwa umeshuka. Sajini akashukuru Mungu, akalipita lori na kuendelea kupanda. Hazikupita dakika tatu injini ikaanza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazimika. Alipozungusha ufunguo, stata ililia kwa uzito mara mbili kisha ikanyamaza.

Mshale ule ndio uliomponza. Chombo kinachopeleka habari za joto kwenye kipimo kimetiwa ndani ya njia ya maji ya injini, nacho husoma sawasawa maadam kimezama majini. Maji yakipungua, chombo hicho hubaki kikining'inia katika mvuke, na aghalabu husoma joto dogo kuliko lililopo. Basi injini huungua huku kipimo kikimtuliza dereva. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla, ilhali gari lingali likipanda na mzigo ni ule ule, hiyo ni habari mbaya kuliko mshale uliopanda. Dereva asimame pale pale penye nafasi.

Mshale ukiwa bado unapanda na maji yamo, dereva ana nafasi ya kujiokoa. Huzima kipoza hewa, hufungulia hita mpaka mwisho pamoja na feni yake, hushusha vioo, kisha hutafuta pa kuegesha. Abiria watalalamika kwa joto, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, nayo hupokonya injini sehemu ya moto wake. Mvuke ukianza kutoka chini ya boneti, hakuna la kujadili tena. Injini huzimwa.

Sajini alishuka, akafungua boneti, akachukua kitambaa ili afungue kizibo cha rejeta. Mkewe alikwisha shuka upande wa pili na kuwasogeza watoto ng'ambo ya mtaro.

"Baba watoto, acha hicho," akasema. "Sufuria ya presha hufunguliwa namna hiyo?"

Mama huyo alisema kweli kuliko alivyodhani. Kabale iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji katika sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva milimani. Katika rejeta, kizibo chenye springi huyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Anayekifungua huondoa kizuizi hicho kwa mara moja, na maji yaliyopita kiwango cha kuchemka hufoka papo hapo, sehemu yake ikigeuka mvuke, na kuruka usoni na mikononi mwake. Kitambaa hakisaidii kitu. Kipimo cha kuaminika ni mpira mkubwa wa juu wa rejeta: hadi uweze kubanwa kwa kiganja kitupu bila kuunguza na bila kuwa mgumu, kizibo hakiguswi. Katika gari lililochemka sana, hiyo ni saa nzima au zaidi.

Na aliyekwisha unguzwa apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla ya kuvimba, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala unga. Mazoea hayo yangali katika nyumba nyingi za kambini, na mganga hulazimika kuyasugua kwanza kabla hajauona moto wenyewe ulifika wapi.

Sajini akaacha kizibo, lakini mkono ulirudi kwenye ufunguo. Hapa ndipo wengi huharibu walichobakiwa nacho. Katika injini za namna hiyo kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na bloku ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kati ya viwili hivyo imelazwa gasketi nyembamba inayozuia maji, mafuta na moto visikutane. Injini iliyochemka imetanuka kupita kiasi, pistoni zimebana katika silinda, na mafuta yamekuwa mepesi kama maji. Kuilazimisha izunguke wakati huo ni kukwaruza kuta za silinda. Kuimwagia maji baridi ni kukisinyaza kichwa upande mmoja huku upande wa pili ungali umetanuka, nacho hupinda au kupasuka. Mjomba mmoja mpita njia alikuja na kopo la maji ya mtaro kwa moyo mwema kabisa. Alishukuriwa, na maji yakawekwa kando.

Walingoja. Mawe yakawekwa nyuma ya magurudumu, pembetatu ya tahadhari ikatangulizwa mbali nyuma ya gari. (Matawi ya miti ambayo madereva wengi huyatandaza barabarani hayaakisi mwanga usiku, na huachwa pale pale gari likiisha ondoka. Askari wa usalama barabarani wanaijua kero hiyo.) Mkewe alimpigia simu nduguye wa Kabale, naye akamtuma fundi aliyekuwa Muhanga, akaja kwa bodaboda na mfuko wa vyombo.

Fundi hakugusa kitu kwanza. Aliomba ufunguo uzungushwe mara moja tu, akasikiliza. Sauti ya stata humwambia mwenye masikio nusu ya ugonjwa. Ikitoa mlio mmoja wa "tak" na kukaa kimya, betri imeisha, au waya umelegea, au injini imekamata. Ikizunguka kwa uzito, yawezekana injini bado imebana kwa joto, au maji yameingia ndani ya silinda. Hapo ni marufuku kuendelea, kwani maji hayabaniki kama hewa, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyo na kitambaa, mgandamizo umepotea: ama mkanda wa taimingi umekatika, ama gasketi imeungua. Na ikizunguka kama asubuhi zote ila moto haushiki, kinachokosekana ni cheche au petroli.

Ya sajini sasa ilizunguka kama asubuhi zote.

"Afande, ulizungusha mara ngapi kabla sijafika?" fundi akauliza.

"Mara mbili tatu hivi."

"Mara sita," akasema mkewe.

Fundi akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meusi, hayakugeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayajachanganyika nayo. Akatoa plagi zote nne, akafunika matundu kwa kitambaa, injini ikazungushwa. Maji hayakuruka. Kisha akajaribu cheche, plagi ikiwa imegusishwa chuma mbali na matundu ili mvuke wa petroli usishike moto. Hakuna cheche hata moja.

Jambo hili huwapoteza wengi. Huona gari limechemka na halitaki kuwaka, wakakata shauri kwamba injini imekufa. Katika magari ya miaka ile yenye distribyuta, koili na kile kifaa cha elektroniki kinachoiamuru koili vimekaa karibu sana na injini, na vikichakaa hugoma vikipata moto mkali, vikafufuka vikipoa. Katika magari ya kabureta adui mwingine ni petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba lake, pampu ikawa inasukuma hewa. Hayo yote huponywa na subira. Basi fundi alikaa chini, akala kipande cha muhogo alichopewa na watoto, na baada ya nusu saa alipojaribu tena, cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu.

Rejeta sasa ilifunguliwa bila hofu. Ziliingia lita 4 za maji katika gari ambalo uwezo wake ni kati ya lita 5 na 6. Sajini akashangaa, kwani ardhini hapakuwa na tone. Mkewe hakushangaa. Kwa majuma mengi alikuwa akimwona mtoto akitumwa kila Jumamosi kuongeza maji kwa kibuyu, na alikwisha uliza mara mbili: "Hayo maji huenda wapi?" Akajibiwa kwamba gari kuukuu hunywa maji. Gari halinywi maji. Njia yake ya maji imefungwa pande zote, na kila kikombe kinachopungua kimetoka mahali. Fundi alipapata: chini ya pampu ya maji palikuwa na mchirizi wa kutu. Pampu ikichakaa huvuja kidogo injini ikiwa na moto, na matone hukauka juu ya chuma kabla hayajafika chini.

Hata hivyo uvujaji huo peke yake haukutosha kueleza kwa nini gari lilivumilia kilomita zote hadi Ntungamo na kushindwa nyuma ya lori. Gari linalochemka likienda kwa kasi hushukiwa kuwa na rejeta iliyoziba au maji machache. Linalochemka likienda polepole hushukiwa feni, kwani barabarani penye kasi upepo hufanya kazi ya feni bila malipo. Katika Toyota nyingi za miaka ile upo mtihani mwepesi: swichi ya gari huwashwa injini ikiwa imezimwa, kisha huchomolewa waya wa swichi ya joto inayoongoza feni. Feni nzima huanza kuzunguka yenyewe, kwa hiyo mikono ikae mbali. Ya sajini haikutikisika. Umeme ulifika kwenye mota, fyuzi ilikuwa nzima, ila makaa ya mota yalikuwa yamekwisha kabisa. Nani ajuaye feni hiyo ilikufa lini.

Kizibo kikiwa bado wazi, injini iliwashwa, nayo ikashika. Watoto wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Aliinama akitazama mdomo wa rejeta, ambamo mapovu yalitoka mfululizo, madogo madogo, hayakukoma hata baada ya hewa ya kawaida kuisha, yakinuka moshi. Akazima.

"Afande, gasketi imeanza kuachia. Moto wa silinda unaingia kwenye maji."

"Kabale si mbali. Twende polepole."

"Ukienda, utafika na kichwa kilichopinda na silinda zilizokwaruzika. Ukivutwa, utafika na gasketi iliyoungua tu. Bei yake si moja."

Sajini alitazama barabara, akamtazama mkewe, akahesabu miezi saba. Alipiga simu kutafuta gari la kuwavuta.

Kichwa kilifunguliwa Kabale Jumatatu. Rula ya chuma ilipowekwa juu yake ilionyesha mpindo mdogo. Injini za namna hiyo huruhusiwa mpindo usiozidi sehemu 5 za mia za milimita upande wa bloku, wembamba usiofikia unywele, na hiki kilikuwa kimezidi kidogo. Kilisawazishwa kwa mashine, kikarudishwa na gasketi mpya, pampu mpya, mota nyingine ya feni na kizibo kipya. Sajini alimwomba fundi aitoe thamostati ili injini ipoe zaidi, kama alivyowahi kushauriwa kambini. Fundi alikataa, na alikuwa na haki. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula petroli zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wa kweli haujaguswa. Badala ya maji matupu ya bomba, ambayo huleta kutu na magamba ndani ya rejeta, alitia maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta.

Arusi waliihudhuria kwa teksi, wakachelewa. Siku hizi kila Jumamosi mama hufungua boneti mwenyewe injini ikiwa baridi, akatazama alama iliyo kwenye chupa ya akiba na kuiandika katika daftari la matumizi ya nyumba, chini ya unga na sabuni. Mwezi wa kwanza alama haikushuka.