Kurasa Tano Kila Jumamosi



Kwetu Manyovu, Kasulu na Kibondo, maharage ya mgonjwa hayaozi shambani. Majirani huingia wakavuna. Lakini mwalimu aliyemaliza masomo ya darasani ya uzamili, akarudi nyumbani kuandika tasnifu, tunamwacha peke yake. Mwaka wa kwanza tunamuuliza amefikia wapi. Wa pili tunanyamaza kwa huruma. Wa tatu, yeye ndiye anayetukwepa njiani.

Nawajua watu hawa kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Darasani tuligawana vitini, tukaamshana siku za mitihani. Tasnifu ilipoanza, kila mtu akashika njia yake. Msimamizi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Sura ya pili inarudi imejaa wino mwekundu, na kijijini huna wa kumuuliza. Umefundisha kutwa, umesahihisha madaftari, umelaza watoto. Saa nne usiku unafungua kompyuta, umeme unakatika. Hapo ndipo watu wanapokwama, wala si kwa kukosa akili.

Mimi nilikwamuliwa na marafiki wawili. Tulikutana kila Jumamosi mchana, kila mmoja na kurasa tano alizoandika wiki hiyo, nzuri au mbovu. Mmoja alikuwa muuguzi, hajui lolote kuhusu mada yangu ya elimu, na swali lake ndilo lililonifanya nifute nusu ya sura: "Wazazi uliowahoji walisema nini hasa?" Wiki moja kabla ya kutetea, walinikalisha kitini wakanihoji kwa Kiha mpaka nikaweza kueleza utafiti wangu bila karatasi.

Tunajivunia Dkt. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, aliyesoma uchumi hadi uzamivu na kuwa Makamu wa Rais mwaka 2021. Nami najivunia. Naomba tuwakumbuke na waliobakiza sura mbili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na kupitia chuo hicho mtu anasoma bila kuacha kazi wala shamba. Masomo yametufikia, ujirani ni juu yetu.

Wewe mwenye tasnifu, tafuta wenzako wawili. Mliomaliza, rudini mkae nao, msome, mkosoe. Sisemi waandikieni: huo ni wizi, na siku ya utetezi humwumbua mtu. Mume au mke wa msomi, Jumamosi hiyo baki na watoto. Mtendaji wa kijiji, barua ya kibali cha utafiti ikishapita mkoani na wilayani ikafika mezani kwako, usiilaze. Kila wiki inayopotea hapo mwanafunzi anailipia kwa ada na nauli. Nanyi wakulima mnaohojiwa kuhusu kahawa na maji yenu, jibuni, kisha mdai kazi ikiisha irudi isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa lugha mnayoielewa.

Tuanze Jumamosi ijayo, saa nane mchana, katika darasa lolote lililo karibu nawe. Aliyekaa miaka mitatu bila kuandika hata mstari, naye aje. Abebe ile sura yenye wino mwekundu, tutaanzia hapo.