Wingu Lina Kiu

Nimechoka na mashairi ya wingu. Kila kijana anayeshika kalamu siku hizi anatuandikia kwamba data zetu zinaelea mawinguni, kwamba dunia imekuwa nyepesi, kwamba kesho haina moshi wala kelele. Na sisi wa Moshi tumeongeza chumvi yetu: eti kwa kuwa tuna mlima wenye barafu na mito inayoshuka mwaka mzima, basi kompyuta za dunia nzima zije zipozwe hapa kwetu. Neno hilo nimelisikia vijiweni, nimelisikia ndani ya basi la Marangu, na sasa naliona kwenye kazi za waandishi wenzetu. Jamani, ngojeni kwanza.

Mimi ni mhandisi mwandamizi wa mitambo. Kazi yangu ni kujenga vituo vya data, hivyo hivyo mnavyoviita wingu. Wa umeme analeta umeme, wa kompyuta analeta seva, na mimi naulizwa swali moja tu asubuhi hadi jioni: joto litakwenda wapi? Kwa sababu seva hailimi wala haisagi. Umeme wote unaoingia ndani yake, karibu wote kabisa, unatoka ukiwa joto. Ukiipelekea megawati 1, ujue umewasha jiko la megawati 1 ndani ya chumba kilichofungwa, na jiko hilo halizimwi Idi wala Krismasi. Wingu gani hilo? Hilo ni tanuru lenye mlango wa kufuli.

Tanuru za namna hiyo hazipo Ulaya tu. Tunacho kituo cha taifa pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Na kwa jirani zetu wa Kenya, Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo Olkaria, karibu na Naivasha, kitumie umeme wa jotoardhi, kwa kuanzia megawati 100. Habari hiyo ndiyo iliyowatia wengi wivu. Kama Naivasha, mbona si Kilimanjaro? Haya basi, tuhesabu pamoja. Hesabu si adui wa fasihi.

Megawati 100 ni kiasi gani? Teremka na maji yetu uone. Mito ya upande wetu, Weruweru, Karanga, Kikafu, Rau na wenzake, inakwenda kukusanyika Nyumba ya Mungu, halafu inashika Pangani hadi baharini. Njiani inazungusha mitambo mahali patatu: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani 68. Jumla ya uwezo wake ni megawati 97. Yaani mto mzima, mitambo yake yote ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hautoshi kuwasha kituo kimoja cha ukubwa huo.

Najua mtanijibu. Mtasema siku hizi tunalo Bwawa la Nyerere lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Sawa, umeme nimewaachia. Njooni kwenye maji.

Njia nyepesi ya kuondoa joto jingi ni ile ile ya mtungi wa bibi. Maji yanayopenya kwenye udongo wa mtungi yanageuka mvuke, yanaondoka na joto, yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. Minara yetu ya kupozea inafanya hivyo hivyo, ila kwa pampu na feni. Sasa sikilizeni bei yake: kila kilowati-saa 1 ya joto ukiiondoa kwa kuvukiza maji, inakula karibu lita 1.5. Hiyo si sera ya waziri wala ubahili wa tajiri, ni tabia ya maji yenyewe. Kwa hiyo megawati 1 usiku na mchana inakunywa lita 36,000 kwa siku. Hayo ni madebe 1,800, kila siku, Jumapili ikiwemo. Na hapo nimehesabu yanayopaa tu. Kuna mengine lazima yamwagwe, maana maji yakipaa chumvi inabaki, na chumvi ikizidi inaziba mabomba.

Madebe 1,800 ya nani?

Hapo ndipo mshairi wa wingu anapopata kigugumizi. Maji ya mteremko huu hayajakaa bure yakimsubiri mwekezaji. Yana wenyewe. Wageni wa Ulaya waliofika hapa karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi: maji yanakingwa juu korongoni, yanaongozwa kandokando ya mlima kwa mteremko mdogo sana, yanavushwa kwenye magogo yaliyochongwa, mpaka yafike kihambani kwenye migomba. Hakukuwa na pampu wala darubini ya mpima ardhi. Kila mfongo una ukoo ulioanzisha, una wazee wake, una zamu, una siku ya watu kutoka na majembe kuuzibua, na asiyetoka hujibu kwa wenzake. Ule ni uhandisi, ndugu zangu. Tena una kitu ambacho michoro mingi niliyokabidhiwa haina: unajua ni nani anayepata maji mwisho.

"Lakini baridi tunayo!" Iko wapi? Mji wa Moshi uko chini, haufiki hata meta 1,000, na mchana wa Februari unapita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Mhandisi hapimi mahali kwa usiku wa Julai, watu wakiwa wamejifunga mablanketi Marangu. Anapima kwa saa nane mchana ya siku kali kuliko zote, kwa sababu seva hailali. Na ile barafu? Kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Isitoshe, mito yetu haiitegemei barafu kama kadi za posta zinavyodanganya. Inategemea msitu, mvua na ukungu. Anayekuuzia barafu ya Kilimanjaro anakuuzia picha.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo ni nani anayechora. Kwenye mradi mmoja wa nyanda za juu, ambao sitautaja, michoro ya mitambo ya kupoza ililetwa imekamilika na mihuri yake, ikiwa imehesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sasa ukipanda meta 1,500, kimo cha vijiji vyetu vingi vya kahawa, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 14. Feni inazunguka vile vile lakini inabeba joto kidogo. Jenereta nayo inapungukiwa nguvu. Tulisema, tukaandika. Tukajibiwa kwamba kazi yetu ni kufunga, mahesabu yameshafanywa. Tulipowasha hita za majaribio, zile zinazowekwa badala ya seva, joto la chumba likapanda mpaka kila mtu akaelewa fizikia. Mitambo ya ziada ikaagizwa, na mkandarasi wa hapa nyumbani ndiye aliyepokea lawama za kuchelewa.

Msinielewe vibaya. Sisemi tusijenge. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na nchi isiyo na mahali pa kutunza kumbukumbu zake itaendelea kupanga chumba kwa watu. Mwezi ule ule wa Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikatuyumba, tukaonja ladha ya kutegemea vya mbali. Wala si kweli kwamba hakuna njia bila kuvukiza maji. Kuna mitambo inayozungusha maji yale yale ndani ya mabomba yaliyofungwa, joto likatolewa kwa hewa kavu. Inakula umeme zaidi saa za jua kali, basi. Joto lenyewe nalo si lazima litupwe. Huko Odense, Denmark, joto la kituo cha data linapelekwa kwenye nyumba za watu. Hapa hakuna anayehitaji kupashiwa nyumba Februari, lakini hewa inayotoka nyuma ya seva huwa na nyuzi 35 hadi 40, na mkulima wa kahawa anajua anachoweza kukausha kwa hewa ya namna hiyo mvua ikimwingilia mavuno. Mtu aliyekulia kihambani angeliwaza hilo siku ya kwanza ya kuchora. Ndiyo maana nagombania kalamu ya mchoro, si spana peke yake.

Na ninyi wenye kalamu ile nyingine mnahusika. Neno "wingu" halikuanguka kutoka juu, lilienezwa na wauzaji. Ukiliweka kwenye ubeti bila kulikagua, umemfanyia tajiri matangazo ya bure, tena kwa vina na mizani. Tupeni hadithi yenye bomba ndani yake. Tupeni fundi wa chila anayepigiwa simu saa nane usiku, mzee wa mfongo anayeona maji yamepungua na hajui yamekwenda wapi, binti aliyemaliza uhandisi na anapewa kazi ya kubeba michoro ya wengine. Hiyo itakuwa hadithi bomba, nawaambieni.

Siku watakapokuja na picha ya jengo la vioo chini ya Kibo, watu watapiga makofi. Wewe usipige kwanza. Nyosha mkono, uliza: joto litakwenda wapi, maji ni ya nani, na nani kachora? Akikujibu kwa neno wingu, mwambie akae chini.