Kisha Kukatwa Titi: Kuvaa Sutiye Bila Maumivu na Bila Haya



Mwezi huu ukurasa wetu wa jamaa unagusa jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ndogo tu, tena nyuma ya nyumba.

Mama mmoja wa hapa Sakania, ambaye jina lake nalificha, alikuwa mwimbaji mwenye sauti nzuri katika koro. Akapata kansa, waganga wakamkata titi la kushoto. Kidonda kilipona vizuri, naye akarudi kanisani. Ili watu wasione upande mmoja ni tupu, alikunja kipande cha kikwembe akakitia ndani ya sutiye. Siku moja, wakati wa kupeleka matoleo, akicheza pamoja na wenzake, kile kitambaa kikapanda mpaka karibu na shingo, kisha kikaanguka chini mbele ya watu. Tangu siku ile hakuimba tena. Nilipomtembelea aliniambia: "Mama, nilisikia haya mingi. Niliona sawa vile kila mutu anaangalia paka mimi." Nikamuuliza: "Na nyumbani, je?" Akajibu: "Bwana yangu hasemi kitu. Na mimi simuulize."

Ndugu, huyu mama hakushindwa na kansa. Alikuwa anashindwa na sutiye. Basi tuzungumze juu ya hiyo sutiye, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huita sidiria, na juu ya titi la kuvaa, ambalo waganga huita protezi.

Kwanza, maneno ya uongo tuyatupe

Kansa ya titi haiambukizi. Hauipati kwa kula sahani moja, wala kwa kuvaa nguo moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Tena si lazima mtu amemroga. Kusema hivyo kunamfanya mgonjwa ajifiche, na mgonjwa anayejificha anachelewa kwenda hospitali.

Jambo la pili: hakuna sheria inayomlazimisha mama kuvaa titi la bandia. Wengine wanapenda kubaki hivi hivi, kifua tambarare, nao ni wanawake kamili. Mwenye kuchagua ni yeye mwenyewe, si shangazi, si jirani, wala si bwana. Lakini yule anayependa kuvaa, inafaa avae kitu kisichomwumiza.

Titi la kuvaa ni la namna gani?

Ziko namna tatu. Ya kwanza ni ile nyepesi ya kitambaa laini, yenye pamba ao sufi ya mto ndani yake. Hiyo ndiyo ya majuma ya kwanza, mganga akikubali, kwa sababu haina uzito wala haikwaruzi kovu.

Ya pili ni ya silikoni. Inalingana na mwili kwa uzito na kwa umbo. Kwa kawaida waganga wanangoja juma la 6 mpaka la 8 kisha kupasuliwa ndipo wanairuhusu, na aliyechomwa kwa miale anangoja zaidi, mpaka ngozi ipone kabisa. Kuna historia moja ambayo vijana watapenda kuijua. Ruth Handler wa Marekani, yule aliyemleta duniani mwanasesere Barbie mwaka 1959, alikatwa titi mwaka 1970. Akatafuta titi la kuvaa, hakuona lililo zuri. Basi akaanzisha kazi ya kuyatengeneza, yakauzwa kwa jina la Nearly Me. Aliyatenga ya kushoto na ya kulia, sawa na viatu. Na kweli, nani anavaa viatu viwili vya mguu mmoja?

Ya tatu ni ya kufumwa kwa uzi. Huko Thika, katika Kenya, fundi wa nguo Mary Mwangi, ambaye naye aliugua kansa ya titi, anafuma matiti ya uzi na kuyauza kwa bei ndogo sana kuliko ya silikoni. Kama fundi wa Thika anaweza, mama zetu wanaofuma kofia za watoto wachanga wanaweza pia. Wachague uzi wa pamba, si ule wa manyoya unaowasha.

Uzito una kazi gani?

Watu wengi wanafikiri titi la bandia ni kwa macho ya watu tu. Hapana. Mama mwenye titi kubwa upande mmoja na utupu upande mwingine, sutiye yake inapanda upande ule mtupu, na bega moja linavutwa. Wengine wanaanza kutembea wakiinama kidogo, na shingo na mgongo vinauma. Ndiyo sababu kitambaa cha yule mwimbaji kilipanda: hakikuwa na uzito, wala hakikuwa na mahali pa kukaa.

Kuchagua sutiye

Twaa mita ya fundi. Pima kuzunguka kifua, chini ya titi, bila kukaza sana. Kisha, kwa sababu upande mmoja umekatwa, pima toka katikati ya kifua, pita juu ya titi lililobaki, mpaka kwenye mfupa wa katikati ya mgongo. Hesabu hiyo uizidishe mara mbili. Hapo umepata kipimo cha kifua kizima.

Ukienda sokoni, angalia haya:

Mkanda wa chini uwe mpana. Huo ndio unaobeba mzigo, si kamba za mabega. Inua mikono yote miwili, kisha uiname sawa vile unafagia. Kama mkanda unapanda, sutiye hiyo si yako.

Kamba za mabega ziwe pana. Vidole viwili vipite chini yake bila shida. Kamba nyembamba inakata bega.

Kikombe kifunike titi lote, na kisiwe na waya. Waya unagonga kovu.

Mshono usipite juu ya kovu. Geuza sutiye ndani nje, upapase kwa kidole.

Kama mkono bado mgumu, tafuta yenye kufungwa mbele. Na kama ni mpya, ifungie kwenye kishikizo cha mwisho kilicho legevu, kwa maana mpira utalegea kwa siku zinazokuja, nawe utahitaji kukaza.

Wengi wetu tunanunua katika salaula, zile nguo zinazovuka mpaka pamoja na malori. Si vibaya. Lakini vuta mpira: usiporudi, uache. Ukipenda sutiye yenye waya, toboa kidogo kwenye ncha ya mshono, vuta waya utoke, kisha shona.

Kushona mfuko

Hii ndiyo siri ambayo ingemwokoa mwimbaji wetu. Kata kipande cha kitambaa cha pamba, kama cha tisheti ya zamani, chenye umbo la kikombe. Kishone ndani ya kikombe pande zote, ila uache mlango upande wa kwapa. Titi la kuvaa linaingia humo, linakaa. Halipandi wala halianguki. Tena ngozi inagusa pamba, si silikoni, jambo jema sana kwa joto la mwezi wa kumi hapa kwetu.

Asiye na feza ya kununua titi, ashone mwenyewe. Kata vipande viwili vya mviringo, viunganishe, acha mlango wa kutolea vitu wakati wa kufua. Jaza sufi safi. Kwa kuongeza uzito, chukua vijiwe vidogo laini, uvioshe, uvifunge katika kitambaa kizito, uviweke katikati, sufi ivizunguke pande zote, upande wa chini zaidi kuliko wa juu. Usijaze mchele ao mtama: unyevu ukiingia, unaoza na kuleta wadudu. Na usianze na uzito mpaka mganga aseme kovu limekomaa.

Kutunza ngozi na mkono

Mahali palipopasuliwa mara nyingi panakufa ganzi. Sutiye inaweza kukwaruza mpaka kutoa damu, nawe usisikie. Basi kila jioni vua, angalia kwa kioo. Ukiona wekundu, pumzika siku chache bila kuvaa.

Titi la silikoni lioshwe kwa sabuni ya mikono na maji, likauke kwa taulo, liwekwe katika kisanduku chake, mbali na pini na sindano. La kitambaa na sutiye vifuliwe mara kwa mara. Na hapa sikilizeni vizuri: mnajua yule nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, ambaye funza wake huingia katika ngozi. Usianike sutiye juu ya majani. Piga pasi ya moto, na zaidi ule upande unaogusa kovu. Yule asiyesikia maumivu hatasikia funza vilevile. Titi la kitambaa lisilofaa pasi, likaushe ndani ya nyumba mpaka liwe kavu kabisa.

Kama waganga waliondoa tezi za kwapani, mkono wa upande ule unaweza kuvimba, hata kisha miaka. Kamba yenye kukaza inaongeza shida. Bidoni la maji libebwe na mkono mwingine, ao vijana walibebe. Mkono ukivimba, ukiwa na joto na wekundu, usingoje: nenda hospitali siku ileile.

Na mwenye mume ao mtoto anayefanya kazi mgodini, aulize ofisi ya matibabu kama protezi inalipwa. Wengine wanavuka kwenda kutibiwa Lusaka, ambako hospitali ya magonjwa ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Hao nao waulize hukohuko kabla ya kurudi. Mwenye kunyamaza hapewi.

Mwimbaji wetu

Tulikaa siku moja nyumbani kwake, mama watatu na mashini moja ya kushona. Wakati wa kupima mgongo, sisi wote tulikuwa na kazi mkononi. Bwana yake alikuwa mlangoni. Akaingia, akatwaa mita, akaishika mwenyewe. Alikuwa hajaona kovu lile tangu hospitali. Akasema polepole: "Ni hii tu ilikuwa inakukataza kuimba?" Mama akalia kidogo, naye hakutoka.

Tulipomaliza, tulifunga mlango, tukamwambia acheze sawa siku ya matoleo. Akacheza, akainama, akaruka. Hakuna kitu kilichopanda. Jumapili ya tatu alikuwa katika mstari wa mbele.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Baba, kama bibi yako angekatwa titi, ungemwambia neno gani la kwanza?

2. Vijana, mnafanya nini mkisikia wenzenu wanamcheka mama mgonjwa?

3. Mabinti, mkihisi uvimbe katika titi, mtamwambia nani siku ileile?

4. Mama za koro, nani kati yenu ana mashini ya kushona?

Mbaki na amani, mpaka mwezi ujao.