Mtoto wa Singida apandie Arusha



Mtoto wa Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, akichaguliwa kwenda kucheza tenisi Nairobi, njia yake inajulikana: gari hadi Singida mjini, basi la Babati, Arusha, kisha Namanga. Lakini mazoea ya waandaaji wa safari za timu za vijana ni kuwataka wachezaji wote wakutane Dar es Salaam. Mzazi wa Mkalama ajichange, mtoto asafiri takriban kilomita 700 kwenda pwani, alale kwa ndugu (kama ndugu yupo), halafu arudishwe kwa basi linalopita Arusha ile ile ambako angeweza kulisubiri.

Nani alipe nauli ya kuzunguka huko? Barua za mwaliko zinazowafikia wazazi haziko wazi. Zinataja sare, zinataja nidhamu, zinasema "gharama nyingine zitakuwa juu ya mzazi", basi.

Kinachouma zaidi ni karatasi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na mtoto haipati bila cheti cha kuzaliwa na vielelezo vya wazazi. Hapo ndipo mambo hukwama. Kadi ya kliniki inasema Msengi, daftari la shule linasema Musengi, na baba kwenye kitambulisho chake ameandikwa kwa namna ya tatu. Herufi moja tu, lakini mzazi ataenda kwa wakili kuandikisha kiapo cha majina, arudi Singida mjini, aambiwe aje wiki ijayo. Kila safari ni nauli na siku ya shamba iliyopotea. Kuna pia chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano. Taarifa ikija wiki moja kabla ya safari, mtoto ameshachelewa hata kama fedha ipo.

Na fedha yenyewe ina msimu. Mkalama wengi wanategemea alizeti, na mwanzoni mwa mwaka alizeti bado iko shambani. Mwaliko wa ghafla wa Januari unamkuta mzazi akiwa hana cha kuuza ila mbuzi.

Mkoa huu haukosi vipaji. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025, ni mzaliwa wa Singida. Mtoto wa hapa akianza kukimbia, jirani yeyote atamwambia aende kwa nani. Akishika raketi, hakuna wa kumuuliza.

Wenzetu Kenya wameonyesha kwamba umaskini wa nyumbani si lazima umzuie mtoto kusafiri. Angella Okutoyi alilelewa na bibi yake, mfanyakazi wa shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, na tenisi aliianzia kwenye uwanja wa shule hiyo. Julai 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakufika huko kwa harambee ya ukoo. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lilimchukua katika vituo vyake vya mazoezi na kumsaidia kwenda mashindanoni.

Hapa hakuna anayedai Wimbledon. Wazazi wanaomba ratiba ya mashindano ya mwakani ibandikwe ofisi ya kata kabla ya Novemba, ikionyesha kwa shilingi nani analipa basi, nani malazi, nani chakula. Maofisa michezo wa wilaya wawakusanye watoto wenye uwezekano wa kuchaguliwa na kuwashughulikia vyeti na pasipoti kwa pamoja, badala ya kumwachia kila mzazi ahangaike peke yake na herufi ya jina. Na watoto wa Singida na Manyara waruhusiwe kuungana na timu Arusha, mlezi wa timu akiwapokea stendi kwa orodha iliyosainiwa na wazazi.

Mzazi,
Kinyangiri, Mkalama, Singida