Kuku wakianza kukoroma, usikimbilie antibayotiki

Una kuku kumi na watano nyuma ya nyumba, iwe ni Kayole, Githurai au Kisauni. Hesabu yako iko sawa: mayai mengine ya nyumbani, mengine ya majirani, na Desemba majogoo wanakuletea chapaa kidogo. Kisha usiku mmoja unasikia banda likikoroma. Kukipambazuka, watatu wanapiga chafya na mmoja anatokwa na makamasi. Kabla ya saa nne ushatoka agroveti na pakiti ya antibayotiki ya kutia kwenye maji.

Hapo ndipo vijana wengi wanaofuga mjini wanapotupa pesa, na kuhatarisha afya ya mtaa mzima.

Kukoroma ni dalili tu, na magonjwa yenye dalili hiyo ni mengi. Kideri, ambacho wengi wetu tunakiita Newcastle, huletwa na virusi. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo zilizopinda na vifo vya haraka, kishuku hicho. Bronkaitisi ya kuku pia ni ya virusi, na mara nyingi huacha mayai yenye maganda ya mikunjo. Hakuna antibayotiki inayoua virusi, hata ukinunua ya bei ghali namna gani.

Yapo ya bakteria pia. Koraiza huvimbisha uso na kuleta makamasi yenye harufu mbaya. Maikoplasma hukokota kwa wiki nyingi. Dawa inaweza kuituliza, lakini kuku huyo hubaki na vimelea na anaweza kuwaambukiza wenzake, hata kifaranga kupitia yai.

Na kuna wakati shida ni banda lenyewe. Inama hadi kimo cha kuku uvute pumzi. Macho yako yakiwasha, hiyo ni amonia kutoka kwa kinyesi na maranda yaliyolowa, na kuku wako wanaivuta usiku kucha. Toa maranda hayo, weka makavu, na ufungue nafasi ya hewa upande wa juu wa ukuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ile pakiti.

Kwa nini tunasema mtaa mzima uko hatarini? Kwa sababu oksitetrasaikilini na tailosini, dawa ambazo wafugaji wengi huzinunua, ni za familia moja na dawa ambazo binadamu huandikiwa hospitalini. Ukizitoa ovyo, bakteria huzizoea. Halafu yale mayai unayomuuzia mama wa jirani wiki hiyo hiyo yanaweza kuwa na mabaki ya dawa. Lebo hueleza siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho kabla ya kula au kuuza mayai na nyama. Ni wangapi wetu huisoma?

Basi ufanye nini? Watenge wanaokoroma siku hiyo hiyo. Walishe wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha unawe mikono na ubadilishe viatu. Usilete kuku wapya, na usiwauze wagonjwa kwa bei ya kutupa, kwani hapo unasambaza ugonjwa. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Akifa mmoja, usimtupe jaani. Mfunge vizuri kwenye mfuko, mweke mahali pa baridi na umpeleke akiwa bado hajaoza katika maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete au ya Mariakani.

Dawa ya kideri ni kukizuia. Chanjo hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, na kuku wa kienyeji huchanjwa tena kila baada ya miezi mitatu hivi. Ila chanjo ina masharti. Hukaa kwenye baridi, kwa hivyo beba chombo chenye barafu. Huwafaa kuku wazima, si walioanza kuugua. Na ukiitia kwenye maji ya mfereji yenye klorini, umeiua kabla kuku hajainywa.

Utasema chupa moja ina dozi mia na wewe una kuku kumi na watano. Kweli, na ikishachanganywa haiwekwi ya kesho. Ndiyo maana tunawahimiza wafugaji wa mtaa mmoja wachange, wanunue chupa moja, na wachanje siku moja. Faida si bei pekee: kuku wako hata akichanjwa, bado wa jirani asiyechanjwa atarudisha ugonjwa pale mlangoni.

Serikali za kaunti nazo zikumbuke kwamba mfugaji wa mjini ni mfugaji. Afisa wa mifugo anayeonekana mashambani pekee hamsaidii kijana wa Kayole. Lakini msimngoje. Anzeni na kundi la WhatsApp la ploti yenu, hesabuni kuku, na mpange tarehe ya chanjo kabla banda la kwanza halijaanza kukoroma.