Bukavu: Bunduki ya kuwinda ya okazyo, bei ndogo yenye hatari kubwa

Hadisi ni ileile kila mara. Mzee fulani alikufa, aliacha bunduki ya kuwinda nyama kubwa, na familia inataka kuiuzisha haraka. Bei ni ya okazyo. Kwa mtu ambaye hajanunua silaha hata siku moja, mambo yanaonekana mepesi: si kalashi, si silaha ya vita, ni chuma ya zamani ya kupiga nyati. Lakini ukiangalia sheria, na hali ya mji tangu Februari 2025, hii ni moja kati ya biashara hatari zaidi ambayo raia anaweza kuingia.

Makaratasi mawili, si moja

Watu wengi wanafikiri kwamba silaha ya kuwinda haina masharti makali. Si kweli. Sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza raia kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya leta. Ruhusa hiyo inatolewa kwa mtu mwenyewe. Haiuzishwi pamoja na bunduki kama vile funguo ya motari. Marehemu alikuwa na karatasi? Hiyo ilikuwa yake. Mnunuzi anaanza sufuri.

Kisha kuna karatasi ya pili. Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 inatenganisha permi za aina mbalimbali: kuna ya uwindaji mdogo, kuna ya uwindaji mkubwa, kuna ile ya watu wa vijiji. Mtu mwenye permi ya silaha lakini hana permi ya kuwinda, hawezi kuingia porini na kupiga. Na mwenye permi ya kuwinda hapati kwayo haki ya kubeba silaha yoyote anayotaka.

Nani atatia saini?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kwa mkaaji wa Bukavu. Katikati ya Februari 2025 askari wa serikali waliondoka mjini na AFC/M23 ikaingia. Katika siku zile gereza kuu lilibaki wazi, bohari za chakula za PAM ziliporwa, na silaha zilibaki barabarani. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba watoto waliuawa mjini wakati huo, na kwamba ilijua pia kuwa kulikuwa watoto wenye silaha mikononi.

Tangu hapo, karatasi ya silaha ina shida mbili. Ile ya Kinshasa inaweza kukosa maana mbele ya wanaoongoza mji leo. Ile ya wanaoongoza mji leo inaweza kukosa maana kesho mbele ya sheria ya nchi. Mwenye bunduki anajikuta katikati. Kwa bariere, hakuna mtu atakaa chini kumsikiliza akieleza tofauti kati ya silaha ya kuwinda na ya vita. Swali litakuwa moja tu: wewe ni wa kundi gani?

Tofauti hiyo ina maana mbele ya mwanasheria, lakini raia asiitegemee sana. Raia anayekamatwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya korti ya kijeshi, hata kama hajavaa uniforme siku moja. Na katiba, katika kifungu cha 190, inaita uhaini mkubwa kuunda wanamgambo ao kulisha vijana wenye silaha. Katika mkoa ambamo makundi ni mengi, bunduki moja nyumbani inatosha kuleta mashaka.

Bunduki inakuja na historia yake

Kitu cha okazyo kinabeba maisha yake ya zamani. Redio ya okazyo, ukikosea, inaharibika tu. Bunduki inaweza kuwa ilitumiwa kuua mtu, kuiba, ao kupiga tembo. Kama namba imekwanguliwa, basi kuna mtu alikuwa na sababu ya kuikwangua, na sababu hiyo sasa iko nyumbani kwa mnunuzi. Anayeuzisha hatakuja kumtetea.

Kuwinda nini?

Swali lingine: nyama gani? Karibu na Bukavu, pori kubwa ni Parke ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa 1970, na ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Mule ndani kuwinda kumekatazwa kabisa. Wakaaji wanajua kile silaha zilifanya: katika sehemu ya juu ya parke, gorila walihesabiwa 258 mwaka 1996, na 130 tu mwaka 2000. Tembo wa sehemu hiyo walimalizwa karibu wote.

Tanzania inaruhusu uwindaji wa kulipia, na kwa nyama hatari inadai kalibre isiyo chini ya 375. Kenya iliufunga mwaka 1977. Upande wetu, mwenye bunduki ya namna hiyo hana pahali rahisi pa kuitumia kihalali, na hata risasi zake hawezi kuzipata bila kupitia watu wa magendo.

«Ni ya kulinda nyumba tu»

Ukweli ni kwamba wanaotafuta bunduki leo, wengi hawawazi nyati. Wanawaza wezi wa usiku. Woga huo una msingi, wala si wa kucheka. Lakini bunduki ya nyama kubwa ilitengenezwa ili risasi ipite mfupa wa bega la nyati. Ubao wa nyumba ya Kadutu hautaisimamisha. Itapita kwa mwizi, ipite ukuta, na iingie pale watoto wa jirani wanalala. Tena, nyingi zinabeba risasi chache tu, mbele ya watu ambao kalashi yao inabeba 30. Na habari ya kwamba kwa fulani kuna bunduki ikisikika kwenye avenue, ndiyo itawaita wezi wenyewe.

Kwa familia ambayo imekuta bunduki ya marehemu, kazi si ya kutafuta mnunuzi. Watoto wasiiguse. Isipitishwe barabarani, hata kwa nia ya kwenda kuirudisha, mbele ya kuongea na advoka. Makaratasi yote ya marehemu yahifadhiwe, hata ya zamani sana, sababu ndiyo yataonyesha kwamba silaha haikutoka kwa kundi. Na anayekuja na dola mkononi usiku, akisema hataki makaratasi, ajibiwe kwamba hakuna kitu cha kuuzisha.