Usanifu si Rangi ya Juu

Nimesoma hoja kwamba mapinduzi ya bidhaa huzaliwa maabara tu, na kwamba msanifu huitwa mwishoni kupamba: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naipinga, na shahidi wangu ni saa ya mkononi.

Mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi ya betri na fuwele ya kwatsi. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini maana ilibaki ileile: chombo cha kujulia wakati. Baadaye saa za aina hiyo za bei nafuu kutoka Asia zikavibana viwanda vya saa vya Uswisi, na vingi vikafungwa.

Mwaka 1983 Uswisi ikajibu kwa saa ya Swatch. Kwatsi ilikuwa imeshazoeleka. Lakini itazame saa hiyo kwa karibu: kasha la plastiki, mitambo iliyopachikwa moja kwa moja kwenye kasha hilo, vipande 51 tu, uso na mkanda wenye rangi za kuchangamka. Wahandisi walifanya kazi kubwa, hilo silikatai. Ila kilichopindua soko ni swali la mnunuzi. Zamani aliuliza, "Itadumu miaka mingapi?" Sasa akauliza, "Itaendana na nguo gani?" Saa ya kurithishana ikawa kitu cha kubadilisha kama shati.

Hayo si mapambo. Teknolojia huipa bidhaa uwezo. Maana ndiyo humfanya mtu aitake. Wenye viwanda, mwiteni msanifu siku ya kwanza, msingoje siku ya kupaka rangi.